Madirisha mawili, kuki moja

Wasomaji wangu, leo turudi nyuma kidogo tuone kwa nini kazi huchanganyika ukifungua tovuti moja kwenye madirisha mawili.

HTTP, lugha inayotumiwa na vivinjari na seva, haina kumbukumbu. Kila ukibofya, seva inakupokea kama mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki: seva inakupa namba, kivinjari kinaitunza na kuionyesha kila unaporudi. Werevu mtupu. Lakini namba hiyo ilipewa kivinjari, si dirisha.

Hapa Mariakani tulikutana na jambo hili mwaka 2009. Malori yakitoka bandari ya Mombasa kwenda bara hupita mizani yetu. Karani wa kampuni moja ya usafirishaji alizoea kuingiza safari za malori mawili kwa pamoja, kila lori na dirisha lake. Miaka yote mambo shwari. Siku moja lori la kwanza likaandikiwa uzito wa lile la pili. Dereva yuko barabarani anasubiri, bosi anafoka, karani anaapa hakukosea.

Alisema kweli. Kwenye Internet Explorer 6 na 7, ukibofya ikoni upya ulipata programu inayojitegemea, yenye kuki zake za muda. (Ukitumia Ctrl+N, la, kuki zilikuwa zilezile.) Toleo la 8, lililotoka Machi 2009, likaweka madirisha yote kwenye sesheni moja. Amri ya kufungua sesheni mpya ilikuwapo kwenye menyu, ila karani hakuambiwa. Nao mfumo wa kampuni ulihifadhi "lori la sasa" ndani ya sesheni! Dirisha lililobofywa mwisho ndilo lililoshinda.

Nilipoitwa, niliandika namba ya safari ndani ya kila fomu. Sesheni ikabaki na kazi ya kujua nani ameingia tu. Dawa ya kizamani, lakini mpaka leo naiamini.

Wakati huo Firefox 2, ya mwaka 2006, tayari ilikuwa na hifadhi ya pekee kwa kila dirisha. Maelezo rasmi ya HTML yanatoa mfano wa mtu anayenunua tiketi za ndege kwenye madirisha mawili, akajikuta amelipia safari moja mara mbili. Sisi tuseme treni: dirisha moja Mariakani kwenda Nairobi, jingine kurudi. Leo vivinjari vyote vikubwa vina hifadhi hii. Angalieni tu, ukinakili kichupo, yaliyomo hunakiliwa pia, kisha kila kimoja hushika njia yake. Kwa hiyo namba ya safari bado naiandika kwenye fomu.