Mfupa wa Muundi na Historia ya Dripu ya Dharura

Njia ya kupitishia maji na dawa ndani ya mfupa, ambayo muuguzi wa dharura huiendea mshipa wa mtoto mahututi unapokosekana, imetimiza zaidi ya karne moja tangu Cecil Drinker na wenzake wa Marekani walipochunguza, mwaka 1922, mzunguko wa damu katika uboho. Mishipa ya mkono hunywea mwili unapopungukiwa maji, lakini ile ya uboho hushikiliwa wazi na mfupa wenyewe. Njia hiyo ilitumiwa sana katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha branula za plastiki za kuwekwa mshipani zikaisahaulisha, hadi daktari Mmarekani James Orlowski alipoiona ikiokoa wagonjwa wa kipindupindu nchini India na kuitetea kwa maandishi mwaka 1984. Kwa hiyo hospitali za nchi tajiri zilikumbushwa na wodi maskini, jambo ambalo vitabu vya tiba hulitaja kwa haraka mno.

Nchini Kenya, mwongozo wa taifa wa matibabu ya watoto unaielekeza njia hii hatua kwa hatua, na hauwadai wauguzi mashine ya kutobolea: sindano maalumu ya mfupa isipopatikana, sindano ya kawaida yaruhusiwa. Muuguzi husafisha ngozi juu ya muundi, kwenye ubapa wa ndani chini ya goti, huisimamisha sindano wima na kuizungusha polepole hadi ukinzani wa mfupa ulegee ghafla, kisha hupitisha mililita 3 za maji ya chumvi akitazama kama nyama ya mguu inavimba. Sindano hiyo hubadilishwa kwa branula ndani ya saa 8.

Kwa kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ambako mtoto wa Merti au Garbatulla husafiri mbali kufikia hospitali ya rufaa, ustadi huo una uzito wake, ingawa kuipata njia si ruhusa ya kumimina. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki kwa wingi zaidi. Tahadhari huzidi kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambao ukame huueneza kaskazini: asipokuwa na mshtuko, yaani damu kushindwa kuvifikia viungo, hunyweshwa au huwekewa mpira wa puani, na muundi wake hauguswi.