Saa ya mkono ya jua na setilaiti

Saa inayojichaji kwa mwanga na kujirekebisha kwa ishara za setilaiti za GPS. Citizen ilitoa ya kwanza mwaka 2011; Seiko Astron ya 2012 iliongeza uwezo wa kutambua ukanda wa saa wa mahali ilipo. Msafiri wa Tukuyu, wilayani Rungwe, anayevuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi hurudisha mishale saa moja nyuma. Astron huirudisha yenyewe, mvaaji akibonyeza kitufe mahali peupe. Mawingu ya Rungwe, ambayo hayakosekani, hupunguza chaji lakini hayazuii ishara. Saa zinazotegemea redio hazifai huku, kwani mitambo ya Ujerumani na Japani inayorusha ishara zake iko mbali mno. Kuisoma saa 1 asubuhi mshale ukiwa kwenye 7 hubaki kazi ya mvaaji.