Safu ya Lugha: Geini si sauti

Abiria akitaka muziki upande, fundi wa redio za magari Bagamoyo huambiwa "ongeza geini". Hapo neno limepotoka. Limetoka Kiingereza, nacho kililipata kwa Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kuchuma au kupata. Kwenye umeme ni kiasi ambacho ampli hukuza kinachoingia: ikiingia nusu volti zikatoka volti 20, geini ni mara 40.

Sauti huongezwa kwenye redio. Geini hupangwa kwa bisibisi, ilingane na redio ile, ndiyo maana kando ya kiskurubu chake mara nyingi huandikwa volti. Redio inayotoa volti 4 huhitaji geini ndogo kuliko inayotoa 2. Ukiikaza hadi mwisho huongezi nguvu za ampli. Mawimbi hukatwa vichwa, taarabu ikaanza kukwaruza kabla daladala haijafika Kerege, na koili ya spika inaweza kuungua.

Kiswahili kina kupaza na kukuza. Muadhini hupaza sauti, yaani huifanya ipae. Ampli hukuza. "Ukuzaji" ungeitosha geini kabisa.