Filamu gani inastahili Oscar? Tuijue kwanza mizani yake

Kila mwaka msimu wa tuzo za Oscar ukifika, barazani hapakosi mjadala. Mmoja atasema filamu fulani imedhulumiwa, mwengine atajibu kwamba Wazungu hawawezi kuipa tuzo filamu ya Waislamu, na wa tatu, ambaye hajaitazama hata moja, ndiye atakayepiga kelele zaidi. Mimi nimewahi kuwa huyo wa tatu. Mwaka 2018 nilikasirika "Watu Wote" iliposhindwa, ilhali zile nne zilizoshindana nayo sikuwa nimeiona hata moja.

Kwa asiyeikumbuka, "Watu Wote" ni filamu fupi ya dakika 22 kuhusu shambulizi la basi huko Mandera, Disemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kujitenga na wenzao Wakristo ili wauawe. Kisa ni chetu na Kiswahili chetu kimo ndani, lakini mwongozaji ni Mjerumani, Katja Benrath, na ilikuwa kazi yake ya kuhitimu masomo ya filamu mjini Hamburg. Tuzo ilikwenda kwa "The Silent Child" ya Uingereza, kisa cha mtoto kiziwi anayefunzwa lugha ya ishara. Nilipokuja kuitazama, hasira zilipoa. Bado naipenda "Watu Wote" zaidi, lakini niligundua nilikuwa nimetoa hukumu baada ya kusikiliza upande mmoja tu.

Basi kabla ya mjadala ujao, tujue mambo haya.

Nani hupiga kura?

Tuzo hizi hutolewa na chama cha watu wa sinema wa Marekani, kilichoundwa mwaka 1927. Leo kina wanachama zaidi ya 10,000 kutoka nchi nyingi. Waigizaji huteua waigizaji, wapiga picha huteua wapiga picha, na filamu bora huteuliwa na wote. Hatimaye wanachama wote wanaweza kupiga kura ya kupata washindi. Kwa hivyo Oscar ni maoni ya mafundi kuhusu kazi ya mafundi wenzao. Si kura ya watazamaji, wala haipimi mapato.

Kwa miaka mingi mwanachama aliweza kupiga kura bila kutazama filamu zote. Mwaka 2025 kanuni mpya ilitangazwa: asiyetazama filamu zote zilizoteuliwa katika kundi fulani hana kura ya mwisho katika kundi hilo. Ikiwa wao imewachukua karibu miaka mia moja kufika hapo, nasi wa barazani tujitahidi.

Mshindi hupatikanaje?

Katika makundi mengi, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Filamu bora ina hesabu yake, inayotumika tangu tuzo za mwaka 2010. Mpiga kura huzipanga filamu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kama urais wetu, mshindi lazima avuke nusu ya kura, ila hakuna duru ya pili. Filamu ya mkiani huondolewa, na kura zake hupewa filamu iliyofuata katika kila karatasi.

Chukua mfano wa wapiga kura 100. Filamu ya kwanza imepata 40, ya pili 35, ya tatu 25. Ya tatu inaondolewa. Kati ya wale 25, 20 waliweka ya pili katika nafasi iliyofuata, na 5 waliweka ya kwanza. Sasa ya pili ina 55 na imeshinda, ingawa ilianza nyuma. Hesabu hii huibeba filamu isiyochukiwa na wengi, na huiangusha ile inayopendwa sana na baadhi na kukataliwa na waliobaki.

Je, kuna upendeleo?

Upo, na si haki kuukana. "The Message" ya Moustapha Akkad, ambayo nyumba nyingi za Pwani zimeitazama Ramadhani baada ya Ramadhani, iliteuliwa kwa muziki wake pekee, na mwaka 1978 ikashindwa na "Star Wars". Mwaka 1993 Denzel Washington alishindwa na Al Pacino kwa uigizaji wake katika "Malcolm X", na hadi leo wapo wanaosema Pacino alilipwa deni la kazi zake za zamani.

Lakini mwaka 2025 "No Other Land", iliyotengenezwa na Wapalestina na Waisraeli kuhusu vijiji vya Masafer Yatta, ilishinda tuzo ya makala ya filamu. Anayesema "hawawezi" na aitazame hiyo.

Kiswahili ni ufunguo

Wengi wetu hudhani lugha yetu ndiyo kikwazo. Katika kundi la filamu za kimataifa ni kinyume chake: zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yasiwe ya Kiingereza. Mwaka 2019 Nigeria iliwasilisha "Lionheart" ikaondolewa kwa sababu Kiingereza kilizidi. Kila nchi hutuma filamu moja tu, nayo huchaguliwa na kamati ya nchi yenyewe, si na Wamarekani. Kenya ilianza na "Nairobi Half Life" mwaka 2012, na 2018 ikatuma "Supa Modo". Hatujafika tano bora.

Tanzania mwaka 2022 ilituma "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, yenye Unguja ya miaka ya 1950 na Kiswahili cha visiwani. Ni wangapi kati yetu tuliilipia tiketi, au hata kuitafuta?

Hapo ndipo penye mjadala wenye faida. Kubishana kuhusu kura ya Los Angeles hakutabadilisha kitu, kwa maana hatuna kura huko. Filamu itakayotuwakilisha huchaguliwa hapa nyumbani, na haiwezi kuchaguliwa kama haijatengenezwa, wala haitatengenezwa kama hakuna wa kuitazama. Kisa cha Mandera kilimsubiri mwanafunzi kutoka Hamburg. Visa vya Lamu, Malindi na Vanga navyo vinamsubiri nani?