Fremuweki Unayoichagua Leo, Nani Ataibeba Kesho?

Mwaka jana niliitwa na sacco moja mtaani nirekebishe mfumo wao wa wavuti. Aliyeujenga yuko majuu siku hizi na hashiki simu. Mwanachama akiomba stetimenti, ukurasa unabaki mweupe pe. Mama wa kaunta akanionyesha daftari lake: "Kijana wangu, mimi naandika huku. Hii haijawahi kunizimia." Nikacheka. Kisha nikafungua msimbo wenyewe, kicheko kikaisha.

Mfumo wote ulikuwa umejengwa juu ya AngularJS, fremuweki ambayo wenyewe Google waliacha kuihudumia mwisho wa 2021. Ndani kuna akiba za watu: za karo, za ploti, za mazishi.

Wasee, tangu siku hiyo nikiona mabishano ya "React ama Angular, Laravel ama Django" naona tunaruka swali la kwanza. Swali si gani ni kali. Swali ni nani ataibeba ukishaondoka. Na historia ishatujibu mara kadhaa.

Kwanza tuelewane

Fremuweki ni mifupa ya programu ambayo wengine wameshakujengea: kupokea maombi kutoka kwa brauza, kuongea na hifadhidata, kujua nani ameingia kwa akaunti gani. Wewe unaweka nyama.

Sasa, mfumo wa benki, hospitali ama sacco si kama ile tovuti yako ya kuonyesha kazi zako. Huu unaishi kuliko ajira ya mtu aliyeujenga. Lazima usikizane na mifumo mingine mizee, ujue nani anaruhusiwa kuona nini, na stima ikipotea katikati ya muamala pesa ya mtu isipotelee hewani.

Baridi ya J2EE

Desemba 1999, Sun Microsystems ya Marekani ilitoa J2EE, Java ya kampuni kubwa. Wazo lenyewe lilikuwa poa: shida za biashara kubwa zinafanana, basi miamala, usalama na seva nyingi zishughulikiwe na jukwaa, developa aandike biashara tu.

Ila ndani yake kulikuwa na kitu kinaitwa Enterprise JavaBeans. Ukitaka kuandika kitu kimoja, tuseme akaunti ya mteja, unaandika faili ya kazi yenyewe, halafu interfeisi mbili za kuielezea, halafu maelezo marefu ya XML. Ukitaka kujaribu kama inafanya kazi, unawasha seva nzima na kungoja. Watu walikubali mzigo huo kwa sababu ulikuwa wa wakubwa, na nani atafutwa kazi kwa kufuata wakubwa?

Mwaka wa 2002, Mwaustralia mmoja, Rod Johnson, akatoa kitabu kinachosema waziwazi kwamba mzigo mwingi ule haukuwa na haja. Msimbo aliouweka kitabuni ukakua ukawa Spring, toleo la 1.0 likatoka Machi 2004. Jina lenyewe ni utani: ni majira ya kuchipua baada ya baridi ya J2EE. Kufikia 2006 hata EJB yenyewe, toleo la 3.0, ilikuwa imepunguza uzito. Spring bado iko hai, miaka zaidi ya 20 baadaye. Haikuwa na mbwembwe nyingi. Iliruhusu mtu aandike darasa la Java la kawaida ambalo developa anayekuja baada yake ataweza kulisoma.

Kiraka ambacho hakikuwekwa

Hii ndiyo stori inayonikosesha usingizi. Kuna fremuweki ya Java inaitwa Struts. Ilianza mwaka wa 2000 chini ya Apache, na mashirika mengi makubwa yakajenga juu yake. Miaka ikapita, mitindo ikabadilika, lakini mifumo ile ikabaki inafanya kazi kimyakimya.

Machi 7, 2017, Apache ilitangaza tundu baya ndani ya Struts 2. Mtu angeficha amri ndani ya ombi la kawaida la wavuti, na seva ingezitekeleza. Kiraka kikatolewa siku hiyohiyo, bure.

Equifax ni kampuni ya Marekani inayoweka rekodi za mikopo ya watu, kama CRB zetu. Siku mbili baadaye, ndani ya kampuni watu wakaambiwa waweke kiraka ndani ya saa 48. Lakini tovuti moja, ile ya wateja kulalamikia rekodi zao, ikarukwa. Wakaskani kutafuta tundu, skani haikuliona. Mei wezi wakaingia. Kifaa cha kukagua mawasiliano hakikuona chochote kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda miezi mingi na hakuna aliyekifanya upya. Kilipofanywa upya mwisho wa Julai, ndipo wakaona data inatoka.

Watu kama milioni 147. Majina, tarehe za kuzaliwa, namba zao za hifadhi ya jamii. Mwaka wa 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575.

Utasikia wakisema Struts ndiyo mbaya. Hapana. Struts ilitoa kiraka. Kilichokosekana ni mtu anayejua kwamba mlango ule upo na kwamba ni wake.

Google nao walihama

AngularJS ilipotoka ilikuwa moto. Toleo la 1.0 lilikuja Juni 2012, na jina la Google lilitosha kumaliza ubishi wowote kwenye mkutano. Oktoba 2014, kwenye kongamano huko Paris, timu yenyewe ikatangaza kwamba Angular 2 itakuwa kitu kipya kabisa. Ilipotoka Septemba 2016, kuhama hakukuwa kubadilisha namba ya toleo tu. Kwa mifumo mingi kulimaanisha kuandika upya.

Kuna kampuni zilikuwa na timu na bajeti, zikahama polepole. Sacco yangu ilikuwa na mama wa kaunta na daftari.

Na nyumbani je?

Usifikiri nasema fremuweki ikifa ndio mwisho. Angalia Ushahidi. Ilizaliwa hapa Kenya Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, ijengwe kwa siku chache tu ili watu waripoti yanayotokea na yaonekane kwenye ramani. Baadaye ikajengwa upya kwa Kohana, fremuweki ya PHP, ili watu wa nchi zingine waitumie. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 likaikuta tayari.

Kohana siku hizi ni marehemu. Ushahidi haikuzikwa nayo, ilihamia familia ya Laravel. Mbona iliweza? Msimbo ulikuwa wazi, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuutunza. Fremuweki ilikufa, timu ikabaki.

Kwa hivyo kabla ubishane

Mteja akikuuliza utumie gani, muulize haya kwanza. Nikiondoka, mji huu una watu wangapi wanaoijua hii kitu? Nani atasoma matangazo ya usalama na kuweka viraka, na analipwa na nani? Tukilazimika kuhama miaka mitano ijayo, hesabu za pesa zimetenganishwa na kurasa za kuonyesha, ama zote zimechanganywa kama githeri? Ukipata majibu, fremuweki yenyewe karibu itajichagua. Usipoyapata, hata ile kali zaidi ni deni tu unamwachia mtu.

Na ndiyo, mara nyingi jibu litakuwa kitu cha zamani kinachoboa. Hakuna atakayekupigia makofi kwa kukichagua. Sawa tu.

Sacco niliwajengea upya kurasa za stetimenti kwa kitu cha kawaida sana, nikaandika kurasa nne za maelezo kwa Kiswahili rahisi, na jina la mtu wa kuweka viraka likaingia kwenye kumbukumbu za kamati. Mama wa kaunta bado ana daftari lake. Sijamwambia aache.

Wewe je, umewahi kurithi mfumo wa nani?