Usalama wa vyombo vidogo vya majini, Ugalla

Mto Ugalla hupita katika mikoa ya Tabora na Katavi, huingia Malagarasi na maji yake huishia Ziwa Tanganyika. Masika hufurika mbugani. Kiangazi hukatika vipandevipande, yakabaki madimbwi yenye viboko na mamba. Hapo ndipo mtumbwi wa gogo huwa hatarini zaidi. Kiboko huonyesha masikio, macho na pua tu, na mwenye upondo akimgundua hatua chache mbele yake, hana pa kugeuzia.

Pori la Akiba la Ugalla lilitangazwa 1965, na 2019 likaundwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kwa hiyo humo mtoni hakuna matembezi ya kujiendea. Kuingia ni kwa kibali. Pikipiki za majini ni za fukwe za bahari zaidi, na kishindo chake hakifai katika ardhioevu iliyomo tangu 2000 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani.

Nje ya hifadhi, kama Karema na Ikola kwenye Ziwa Tanganyika, ukaguzi wa vyombo ni kazi ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya 2017. Jaketi okozi na idadi ya abiria ndiyo mambo ya kwanza kutazamwa. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi; waliokufa walizidi 220.