Ndege ya Karatasi

Ndege ya karatasi ikipita juu ya madawati, mwalimu huuliza, "Nani amerusha?" Wanachuo wangu niliwahimiza waulize pia, "Kwa nini imeruka?" Swali hilo lina historia ndefu.

Zamani waliotamani kuruka waliwaiga ndege wa angani. Walijitengenezea mabawa ya kupigapiga kwa mikono, na wengi waliambulia kuvunjika miguu. Mwaka 1799 Mwingereza George Cayley alichora kwenye kisahani cha fedha chombo chenye mabawa yaliyotulia na mkia. Alikuwa amezitenga kazi mbili: bawa libebe, nguvu nyingine isukume. Mwaka 1804 alichukua tiara ya karatasi, akaifunga kwenye ufito, akaweka mkia nyuma na uzito mbele ambao uliweza kusogezwa. Akaitupa kutoka kilimani, ikateremka taratibu.

Uzito ule wa mbele ndio siri yenyewe. Mtoto anapokunja karatasi mara tatu au nne upande mmoja, huhamishia uzito puani. Ukipungua, ndege huinua pua, hupoteza mwendo na kuanguka. Ukizidi, huchoma chini. Dawa ya kosa la kwanza ni kuongeza mkunjo mmoja puani. Ya pili, kuinua kidogo kingo za nyuma za mabawa.

Somo hili liligharimu maisha. Mjerumani Otto Lilienthal alikuwa ameruka mara nyingi kwa vyombo visivyo na injini. Agosti 1896 chombo chake kilipoteza mwendo hewani kikaanguka naye, akafa siku iliyofuata. Ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, walijifunza kutokana na kazi yake. Kuanzia 1900 hadi 1902 walijaribu vyombo visivyo na injini huko Kitty Hawk, ndipo wakafunga injini. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka sekunde 12.

Basi, mwenzangu mwalimu, kama ni kipindi cha hesabu, ichukue ndege hiyo na somo liendelee. Lakini usiichane. Saa ya mapumziko mrudishie mwenyewe, umwambie aongeze mkunjo mmoja na kuirusha tena, kisha akueleze kilichobadilika. Karatasi iliyokwisha kuandikwa pande zote mbili inatosha kwa somo hilo, na shule isiyo na maabara inaweza kulifundisha.